Aliyevishwa Jabalini

Kaptura ya Pantaleo ilichanika akiwa juu kabisa, pale jabali linapojitokeza mbele kama paji la uso, na waliokuwa chini waliusikia mchaniko kabla hawajauona. Justa, mkewe, alikuwa amekumbatia kibuyu cha asali kifuani. Aliinua macho, akayashusha upesi, akamtazama mama yake aliyeketi kando. Bibi Scolastika alikwisha kujifunika uso wote kwa kaniki. Mkwe kuuona uchi wa mkwewe ilikuwa aibu ya kuhamia kijiji kingine.

“Mwambie ashuke,” mama alisema kutoka ndani ya kaniki. “Ashuke upesi. Mimi sijaona kitu.”

“Atashukaje upesi, mayu? Hana kamba.”

Huko kukosa kamba ndiko kulikokuwa kumekusanya watu. Siku zote Pantaleo aliteremka jabali kutoka juu, kamba ya magome ikiwa kiunoni, mwenge wa moshi mkononi, na shemeji yake Bujiku ameshika kamba kule kileleni. Ndivyo walivyorina asali watu wa Ilalo, na mshika kamba hakuwa mtu yeyote tu. Alikuwa kaka wa mke. “Ukianguka,” Bujiku alizoea kusema, “mimi ndiye nitakayerudishiwa dada mjane na watoto wa kulisha. Nani atakushika vizuri kuliko mimi?” Leo asubuhi asali ilikwisha kurinwa kwa njia hiyo ya siku zote, na Bujiku alikuwa bado kileleni akikunja kamba. Hii safari ya pili, ya kupanda kutoka chini kwa mikono mitupu, ilikuwa ya kumfurahisha Mzungu.

Ilikuwa mwaka uliofuata ule wa kuvikwa taji Malkia, na mgodi wa dhahabu ulikuwa umeweka pampu mtoni, chini kidogo ya jabali. Ukingo wote, jabali likiwa ndani yake, ulizungushiwa seng’enge hata upande wa maji. Lango lilifunguliwa Jumapili tu, wala si kwa ajili ya warina asali. Wazungu wa mgodini walikuwa na mchezo wao wa kupanda mwamba. Walikuja na kamba nyeupe na misumari minene waliyoigongomea kwenye nyufa, wakahangaika asubuhi nzima, wakafika juu, wakapeana mikono, wakateremka wakala mikate. Hawakushuka na chochote. Watu wa Ilalo waliwatazama msimu baada ya msimu wasielewe ni njaa gani inayowapandisha. Mkubwa wao, fundi wa pampu, aliitwa Bwana Kamba, na hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyeruhusu warina asali wapite siku ya mchezo.

Leo alikuwa na wageni kutoka Mwanza, na alimtuma Bartholomeo, mlinzi wa lango, kwa Pantaleo.

“Bwana anataka wageni waone unavyopanda bila kamba,” Bartholomeo alisema. “Ukipanda vizuri, nitamwomba lango lifunguliwe hata siku za kazi. Nyuki hawajui Jumapili, au vipi?”

“Amesema hivyo yeye, au umesema wewe?”

“Nimesema nitamwomba. Hutaki, kaa.”

Pantaleo alitaka. Masega yalikuwa yakioza nyufani kwa kungoja Jumapili. Kwa hiyo alipanda, na mabibi wawili wenye kofia pana walipiga makofi, na mwamba ukamchania kaptura kuanzia mbele hadi nyuma.

Aliteremka ameligeukia jabali, mkono mmoja ukishika jiwe na mwingine ukihangaika na tambara lililobaki. Alipokanyaga chini hakugeuka. Alisimama hivyo hivyo, paji lake juu ya mwamba, kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mmoja wa mabibi alicheka, akaacha.

Hapo Bwana Kamba akavua koti lake la sufu, akavuka nyasi kwa hatua ndefu, akamtandazia Pantaleo mabegani.

“Vaa,” alisema. “Koti mzuri. Baridi hapana. Yako.”

Na Pantaleo, kwa kuwa mkwewe alikuwa pale, alilishika koti kwa mikono miwili, akalifunga mbele, akageuka.

Justa aliona midomo ya watu ikifunguka. Athanas, binamu wa mumewe, alisimama kutoka kwenye jiwe alilokalia. Hapo Justa naye akatambua walichokuwa wakikitazama, na kibuyu kikamteleza mpaka mapajani.

Jabali la Ilalo halikuwa la kila mtu. Mageni, babu yake Pantaleo, ndiye aliyelipanda kwanza, wakati wa njaa moja ya kabla ya Wajerumani, na tangu siku hiyo nyufa zake zilikuwa za nyumba ya Mageni. Ziliweza kuhamia kwa mtu mwingine. Mtu akizeeka magoti, au akichoka, alipanda mara ya mwisho mbele ya watu. Akishuka, yule anayempokea alimtandazia nguo mabegani pale pale chini ya mwamba, naye akaishika kwa mikono miwili. Hapakuwa na maneno. Huko kuliitwa kuvishwa. Aliyevishwa hakugusa tena asali ya jabali, yeye wala watoto wake.

*

Jioni ile hakuna aliyekuja kuonja. Desturi ya msimu mpya ilikuwa majirani wote waje, watoto mbele, kila mmoja na kipande chake cha michembe ya viazi cha kuchovya. Justa alitandika mkeka, akaweka kibuyu katikati, akaketi. Kuku walipita juu ya mkeka. Binti yake Generosa aliuliza kama awaite watu, akaambiwa akateke maji.

Bujiku alikuja, kamba begani, akasimama nje ya uzio wa minyaa.

“Pita, kaka.”

“Nimesimama vizuri.” Alimtazama Pantaleo aliyekuwa amekaa mlangoni, koti likiwa bado mwilini kwa kuwa kaptura ilikuwa mikononi mwa Justa ikishonwa. “Shemeji, nimekuwa juu asubuhi yote nakukunjia kamba. Nashuka, naambiwa umevishwa. Na mimi sikuwepo hata kuangua kilio.”

“Sikuvishwa. Nimefunikwa.”

“Kuna tofauti gani?”

“Yule Mzungu anajua nini? Aliona mtu uchi, akamfunika.”

“Yeye hajui. Wewe unajua.”

“Mama yako alikuwa pale, Bujiku! Ulitaka niliangushe koti, nisimame mbele ya mama mkwe kama punda?”

Bujiku alicheza na ncha ya kamba. Kuliangusha kungekuwa dhambi, kulishika kumekuwa dhambi nyingine.

“Ungeingia mtoni,” alisema mwishowe.

“Kuna seng’enge.”

“Ndiyo. Kuna seng’enge.” Akahema. “Mimi siwezi kushika kamba ya mtu asiye na jabali. Nikikushikia nami ni mwizi. Mnisamehe.”

“Asali hii je?” Justa aliuliza. “Imerinwa kabla ya koti.”

“Muulizeni mwanangwa.”

Athanas ndiye aliyeingia bila kukaribishwa. Alivua kofia, akaweka uso wa msiba. “Nimekuja kuwapa pole ya jabali,” alisema, na macho yake yalikuwa kwenye kibuyu.

“Pole ya nani aliyekufa?” Justa alimkata.

“Shemeji, usinirukie. Nyumba ya Mageni ni nyumba yangu pia. Babu hakumzaa baba yake Pantaleo peke yake. Miaka yote nilikaa kimya, nikasema anayepanda apande. Sasa amempa Mzungu. Hata kunikonyeza? Ningevua shuka langu nikamvisha mimi!”

“Ungepanda wewe?” Pantaleo aliuliza. “Wewe unayepata kizunguzungu juu ya dari ya ghala?”

“Ningetafuta wa kupanda.”

“Toka, Athanas.”

“Natoka. Ila asali hiyo msiiguse.”

Alipotoka, mume na mke walikaa wamekitazama kibuyu. Shamba lao lilikuwa kipande cha changarawe ambamo hata mihogo iliota kwa kusita. Asali ndiyo iliyonunua mtama, ndiyo iliyotoa nguo za Pasaka, ndiyo iliyowafanya waalikwe kwenye kila posa, kwa sababu hakuna pombe ya posa bila asali ya Ilalo. Wanaume wengine waliokosa riziki walikwenda shimoni, mgodini. Pantaleo hakuwahi. Aliwahi kuchungulia mdomo wa shimo mara moja, akarudi nyumbani akatapika.

“Nilitakiwa nifanye nini, Mama Generosa?” alimuuliza mkewe.

Justa alivuta uzi, akaukata kwa meno. “Sijui,” alisema. “Nimefikiria tangu saa ile. Sijui.”

*

Mwanangwa, mkuu wa kijiji, aliwaita watu wa pande zote mbili mbele ya nyumba yake yenye bati. Alikuwa mtu mnene, mwenye kikohozi, aliyelipwa na serikali na aliyeogopa mgodi kuliko alivyoogopa mvua ya mawe. Alisikiliza huku akifuta miwani.

“Mageni alikuwa rafiki wa babu yangu,” alisema. “Sitaki kuwanyang’anya. Lakini nguo ilitandazwa?”

“Ilitandazwa,” alisema Athanas.

“Chini ya jabali?”

“Chini kabisa.”

“Baada ya kushuka, mbele ya watu, na akashika kwa mikono miwili?”

“Nilikuwa uchi, mtukufu,” Pantaleo alisema.

Watu walicheka. Mwanangwa naye alitabasamu, na tabasamu lile lilimuuma Justa kuliko kicheko. “Uchi hauondoi desturi, mwanangu. Wangapi wamevishwa wakiwa na nguo nzima? Kuvishwa ni kuvishwa.”

“Basi jabali ni la Bwana Kamba?” Justa aliuliza. Hakuwa amepewa ruhusa ya kusema. “Yeye anakula asali? Yeye ana habari? Mtampelekea fungu lake la masega mezani?”

“Mama, taratibu.”

“Nauliza tu. Maana kama ni lake, na hajui ni lake, basi si la mtu, na nyuki watakufa kwa kushiba.”

Safari hii walicheka pamoja naye. Mwanangwa alikohoa mpaka wakanyamaza.

“Iko njia,” alisema. “Nguo ikirudishwa mabegani mwa aliyeitoa, kwa mkono wa aliyeipokea, kukiwa na mashahidi, jabali linarudi. Wazee walifanya hivyo watu walipovishwa wakiwa walevi. Nendeni. Athanas atakuwa shahidi, Bujiku shahidi. Akilipokea, mimi mwenyewe nitakula asali yenu. Lakini sikilizeni.” Aliinua kidole. “Msimguse Mzungu kwa nguvu. Msipige kelele. Mimi sikuwatuma.”

*

Jumapili iliyofuata Bwana Kamba hakuonekana jabalini. Alikuwa ameteguka kifundo, Bartholomeo alisema. Wakaenda nyumbani kwake mgodini: Pantaleo na koti limekunjwa kifuani, Justa, Bujiku, na Athanas nyuma kabisa. Justa alikuwa amelifua mara mbili, akalinyoosha kwa pasi ya makaa ya kuazima kwa mke wa mwalimu. Akijua wazi kwamba anamfulia mtu mali yake mwenyewe, aliifanya kazi ile vizuri kwa uchungu.

Waliambiwa waende nyuma, jikoni. Januari, mpishi wa bwana, Mhaya mwenye aproni nyeupe, aliwasimamisha chini ya kamba ya nguo.

“Shikamoo, baba,” Pantaleo alimwamkia, ingawa Januari alikuwa mdogo kwake.

“Marahaba. Mnauza nini?”

“Hatuuzi. Tunarudisha koti.”

“Ameiba nani?”

“Hakuna aliyeiba. Alinipa mwenyewe.”

“Basi mnarudisha nini?”

Pantaleo alieleza. Alieleza jabali, Mageni, nguo, mikono miwili. Januari alisikiliza akimenya viazi, na kadiri alivyosikiliza ndivyo maganda yalivyozidi kuwa manene.

“Nimfanye nini mimi?” alisema. “Niingie sebuleni nimwambie, bwana, umenunua jabali kwa koti? Atanipima homa.”

“Mwambie tu atoke,” alisema Justa. “Mume wangu atamvisha, atasema asante, tutaondoka. Hata akilivua papo hapo akalitupa, sisi tumemaliza.”

“Kumvisha? Kwa mikono yake?” Januari alivitazama vidole vya Pantaleo, vyeusi kwa masizi ya moshi na sugu za mwamba. “Ngojeni.”

Walingoja. Jua lilihama kutoka ukutani hadi kwenye migongo yao. Chakula cha mchana kiliingia, vyombo vikatoka. Mbwa mkubwa alikuja akamnusa Bujiku, akalala juu ya kivuli chao. Athanas alisema heri waondoke. Justa aliona jasho la mumewe likianza kuingia kwenye koti, akalichukua, akalishika yeye kwa ncha za vidole.

Bwana Kamba alitokea barazani alasiri, fimbo mkononi, mguu umefungwa bandeji. Alimtambua Pantaleo, akafurahi kwa dhati.

“A! Nyani yangu! Jambo. Wewe panda mzuri sana.”

“Jambo, bwana.” Pantaleo alichukua koti kwa Justa, akalifungua, akapanda ngazi ya kwanza ya baraza. “Bwana, asante. Nimekuja kukuvisha.”

“Nini?”

“Kukuvisha koti. Mabegani. Basi.”

Akapanda ngazi ya pili, koti limetandazwa mikononi kama mtu anayetaka kukamata kuku. Bwana Kamba alirudi nyuma, akakanyagia mguu mbaya, akaguna. Mbwa akainuka. Januari alitoka mbio, akajiweka katikati.

“Shuka, wewe! Unataka nifukuzwe?”

“Nimguse bega tu. Bega moja.”

“Shuka!”

Pantaleo alishuka. Koti lilikuwa bado limetandazwa mikononi mwake.

“Iko nini?” Bwana Kamba aliuliza. “Koti mbaya?”

Januari alizungumza naye Kiingereza, muda mrefu kiasi. Bwana alikunja uso, akauliza kitu, akajibiwa. Alilitazama koti lilivyonyooshwa, akamtazama Pantaleo, halafu kaptura yake yenye mshono mpya uliokwenda kombo kutoka mbele hadi nyuma. Uso wake ulilegea. Alishikwa na haya, ya mtu aliyegundua kwamba amesaidia nusu. Akageuka, akaingia ndani akichechemea.

“Umemwambia nini?” Justa alimuuliza Januari.

“Nimemwambia ukweli. Nimesema kwenu mtu akipewa nguo hivi, mambo hayajakwisha mpaka yafanyike vizuri mbele ya mashahidi. Zaidi ya hapo ningesema nini? Kiingereza changu ni cha jikoni, mama.”

Bwana Kamba alirudi na suruali. Ilikuwa ya sufu ile ile, rangi ile ile, imekunjwa. Alishuka ngazi mwenyewe, kwa maumivu yaliyoonekana, akaliondoa koti mikononi mwa Pantaleo. Kwa pumzi moja Justa aliamini. Koti lilikuwa mikononi mwa Mzungu, lilibaki bega tu.

Kisha Bwana Kamba akamgeuza Pantaleo kwa upole, akamtandazia koti mabegani, akalinyoosha kola, na kumwekea suruali juu ya mikono iliyokuwa bado imenyooshwa mbele, miwili, mitupu.

“Sasa kamili,” alisema, akampiga begani. “Yako yote. Hapana deni.” Akamshika mkono.

Athanas alikohoa. Bujiku alitazama chini. Wote wawili walikuwa mashahidi, na mashahidi walikuwa wameona.

*

Walirudi kwa njia ya mto, kwa kuwa ndiyo fupi. Athanas alitangulia mbio ili awe wa kwanza kusimulia. Kwenye njia panda Bujiku alisimama, akavua kamba begani, akaitazama kana kwamba anataka kuiacha, kisha akaivaa tena.

“Mtoto wangu wa pili anataka mbuzi wake afungwe,” alisema. “Nitaikata.”

“Ikate,” alisema Pantaleo.

“Si hasira, shemeji.”

“Najua.”

“Dada, ukikosa unga, njoo. Usimtume mtu, njoo mwenyewe.” Akashika njia yake.

Wakabaki wawili. Jabali lilikuwa ng’ambo ya seng’enge, limeshika jua la mwisho, na nyuki walikuwa wakiingia nyufani kwa mistari mirefu. Pantaleo hakulitazama. Alibeba suruali juu ya mikono yake vile vile ilivyowekwa, kana kwamba hakuna aliyemwambia anaweza kuishusha.

“Alikuwa na huruma,” alisema. “Umemwona? Alishuka ngazi na mguu ule.”

“Nimemwona.”

“Angekuwa mkatili angelitupa koti barazani, nami ningeliokota nikamrushia begani hata kwa mbali. Kwa mkatili ningepata njia.”

Justa aliendelea kutembea. Alikuwa amechoka, uchovu wa mtu aliyebishana wiki nzima akashindwa na mtu asiyejua kuwa wanabishana. Alihesabu moyoni kilichobaki ndani: mtama kidogo, michembe, kibuyu ambacho kesho watoto wa Athanas wangekuja kukidai. Alisimama.

“Vaa,” alisema.

“Nini?”

“Suruali. Vaa.”

“Hapa njiani?”

“Hapa hapa. Kesho Jumatatu. Mgodini wanaandika watu Jumatatu, na kaptura hiyo haifiki asubuhi. Watakurudisha langoni.”

Pantaleo alifungua mdomo. Justa alimngoja aseme habari ya shimo, giza lake, kutapika kwake. Alikuwa tayari kumsikiliza mpaka usiku, na alikuwa tayari kumjibu kwamba Generosa anakula kila siku. Pantaleo aliinama, akavua, akaingiza mguu mmoja, akayumba, akamshika mkewe bega.

Vifungo vilimshinda. Vilikuwa vingi na vidogo, na vidole vyake vilizoea mawe. Justa alipiga goti kwenye vumbi, akamfunga kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu, akamkunjua pindo, akampangusa nyasi. Akainuka, akarudi hatua moja kumtazama.

Ilimkaa sawasawa.